Kumlipa mtu anieditie picha za leso: uzoefu wangu Mombasa

Nauza leso, yaani khanga, na vikoi Mombasa. Mzigo nauchukua Biashara Street kama wenzangu wengi, ila wateja wangu hawapiti dukani. Wengi wako Nairobi, Muscat na Dubai, na wachache Uingereza. Mteja anatumiwa picha kwa WhatsApp, anachagua, analipa, kisha anangoja kifurushi chake. Akikifungua akakuta leso aliyoiona ya zambarau kumbe ni ya buluu, ana haki ya kukasirika, na gharama ya kuirudisha kutoka Muscat inapita bei ya leso yenyewe.

Ndiyo maana niliachana na filta za simu nikaamua kumlipa mtu wa kuediti. Filta hupaka picha nzima mara moja. Ukiongeza wekundu kidogo ili ukuta upendeze, leso nayo imeshabadilika.

Mhariri wa kwanza nilimpata kwenye mtandao mmoja wa kimataifa wa vibarua vya kidijitali. Bei yake ilikuwa nafuu, nyota alikuwa nazo tele, na sampuli zake za viatu na chupa za manukato zilikuwa safi kabisa. Kazi aliileta kwa wakati, sina lawama hapo. Tatizo ni kwamba hakuwa akijua anaediti kitu gani.

Leso ina pindo linaloizunguka, mji wa katikati, na jina lililoandikwa chini ya mji. Mnunuzi wa leso husoma jina kabla ya kuuliza bei. Anaweza kuacha leso nzuri kwa sababu maneno yake hayamfai kumpelekea wifi. Sasa huyu bwana alitaka picha zote zielekee upande mmoja zikipangwa pamoja, kwa hiyo baadhi alizigeuza, maandishi yakatokea kinyume kama yanavyoonekana kwenye kioo. Ukifanya hivyo kwa kiatu hakuna anayegundua. Kwa leso, picha haiuzi tena. Nyingine alizikata ziwe za mraba, pindo likaondoka na jina likabaki nusu.

Kisutu ndicho kilichoniuma zaidi. Ile leso nyekundu, nyeusi na nyeupe ya maharusi, uzuri wake wote uko kwenye michoro midogo iliyojipanga ndani ya wekundu. Aliukoleza wekundu mpaka michoro ikamezwa. Ukitazama kwa mbali unaona kitambaa kinang'aa, ukikuza picha unakuta bonge la rangi nyekundu tupu. Nyekundu kali ndiyo rangi inayozisumbua sana kamera za simu: inajaa upesi, na ikishajaa, kilichokuwa ndani yake hakirudi kwa kuediti. Kwa hiyo mhariri anayejua kazi huanza kwa kuipunguza kabla haijajaa.

Halafu kulikuwa na picha za binti ya kaka yangu aliyenivalia leso. Rangi yake ni ya maji ya kunde, na leso za manjano humkaa vizuri mno. Picha ziliporudi alikuwa ameng'arishwa ngozi mpaka usoni na mikononi, bila mtu kuulizwa. Mtoto aliangalia simu, akanyamaza kidogo, akasema, "Shangazi, huyu mimi simjui." Picha zile sikuzitumia hata moja. Nasema wazi kwa kila anayetumia watu katika picha za biashara: andika kwenye maagizo, kabla ya jambo lingine lolote, kwamba ngozi ya mtu isiguswe. Kuondoa chunusi ya siku moja ni sawa mwenyewe akikubali. Kumbadilisha rangi ni kumdhalilisha, na mteja wako aliye na rangi kama yake ataona.

Nilipomrudishia kazi alikubali kurekebisha bila ugomvi, ila bei yake ilikuwa na marekebisho machache tu ndani yake, yaliyobaki yanalipiwa. Ule unafuu wa mwanzo ukaisha.

Wa pili ni kijana wa hapa hapa, anafanyia kazi nyumbani kwao Likoni. Nilielekezwa kwake na muuzaji wa mabuibui, na ukiweza kuediti buibui jeusi likaonyesha nakshi zake nyeusi, wewe ni fundi. Jambo la kwanza aliloniomba ni kuiona leso yenyewe. Aliiweka dirishani, kompyuta pembeni, akawa anatazama huku na huku anasogeza rangi taratibu mpaka vikalingana. Hapo nilijua pesa yangu iko salama.

Akanifundisha na namna ya kumpigia picha. "Mama, taa ya tyubu na jua la dirishani usizichanganye. Chagua moja." Tyubu nyingi hutia ukijani na mwanga wa mchana una ubuluu, kwa hiyo vikikutana kwenye kitambaa kimoja, upande huu unakuwa na rangi yake na ule na yake, na kurekebisha picha ya namna hiyo ni kazi ya kuchosha. Sasa nazima taa, napiga asubuhi karibu na dirisha, na picha ya kwanza ya kila mzigo naweka karatasi nyeupe juu ya leso. Kwa hiyo karatasi anapata weupe wa kweli, na zilizobaki zinafuata.

Kabla ya kumpa kazi nzima nilimpa picha ngumu ziwe za majaribio, na nikamlipa: kisutu, leso ya zambarau yenye maandishi ya manjano, na kikoi cheupe kilichopigwa mbele ya ukuta mweupe. Huu ndio ushauri ninaoushikilia kuliko wote. Usimpime mhariri kwa picha yako iliyopendeza, kwa sababu hiyo hata filta inaiweza. Mpe ile inayokushinda. Kikoi kiliporudi nilikikuza, nikaona matamvua yamekatwa uzi kwa uzi, kila uzi umesimama peke yake, na nyuma ameweka kijivu chepesi ili weupe wa kitambaa usipotee. Yule wa kwanza, matamvua aliyakata yote yakawa mstari mnyoofu.

Bei yake iko juu kidogo: shilingi 150 kwa picha ya kurekebisha rangi tu, 300 kwa ile ya kukata na kubadilisha mandhari ya nyuma. Namtumia arubuni nusu kwa M-Pesa, iliyobaki nikipokea kazi. Makubaliano tumeyaandika kwenye WhatsApp, lugha ya kawaida tu: marekebisho mangapi yamo kwenye bei, na kila picha niipate kwa ukubwa gani. Za Instagram ni pikseli 1080 kwa 1350, za katalogi ya WhatsApp ni za mraba na leso nzima imo ndani, na nakala kubwa inabaki kwa siku nitakayotaka kuchapisha kipeperushi. Faili la kazi lenye matabaka yake, yaani kila badiliko liko peke yake na laweza kurekebishwa, nalipata pia. Yeye hatangazi picha zangu kama sampuli zake kabla sijaanza kuuza mzigo huo, na picha yenye sura ya mtu haitumii kabisa mpaka mwenyewe aridhie. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na sura ya mtu kwenye tangazo haichezewi.

Kutumiana picha nako kuna adabu yake. Ukituma kama picha ya kawaida kwenye WhatsApp inabanwa na kupoteza ubora, na mhariri anabaki akihangaika na kilichokwisha haribika. Tuma kama dokumenti, au weka kwenye Google Drive umpe kiungo.

Tangu nianze naye, malalamiko ya rangi yamepungua sana. Nina mteja Muscat ambaye kila oda alikuwa akidai kwanza video ya leso ikiwa juani ndipo alipe. Siku hizi anachagua kwa picha na kutuma pesa. Kuisha kabisa hakuwezekani, maana simu zenyewe hazilingani, na wengine huwasha mwanga wa manjano wa usiku na kuusahau. Kwa hiyo chini ya kila picha bado naandika rangi kwa maneno: zambarau ya biringanya, buluu ya bahari, manjano ya embe.

Kasoro anayo. Ni mtu mmoja, na Ramadhani ikifika kati kila muuzaji wa nguo Mombasa anamtafuta. Anayetaka picha za mzigo wa Idi ampelekee mwezi wa Shaabani, kabla Ramadhani haijaingia.