Kiti cha mbao cha mtoto mwenye mtindio wa ubongo: kinafaa, ila kwa masharti

Anayetafuta kiti cha mtoto mwenye mtindio wa ubongo Unguja au Pemba huwa na njia tatu. Kuna kiti cha magurudumu cha msaada, ambacho huja na saizi yake kutoka huko kilikotengenezwa. Kuna kiti cha plastiki cha dukani kilichojazwa mito na kanga. Na kuna kumwendea seremala wa mtaani akachonga kiti cha mbao chenye meza ya mbele, mikanda na pa kuwekea miguu. Tunakitazama hiki cha mwisho, maana kikipimwa vizuri hakuna kinachokishinda kwa matumizi ya nyumbani na skuli. Nacho ndicho kinachoharibiwa kirahisi zaidi, pale fundi anapochonga kwa kuangalia picha ya simu bila kumuona mtoto.

Mtindio wa ubongo hutokana na jeraha au hitilafu katika ubongo unaokua, ikiwa kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo. Mtoto njiti, aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, aliyepata manjano kali isiyotibiwa mapema, homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani, wote wamo hatarini. Si jini, si laana, wala hauambukizi. Jeraha la ubongo haliongezeki, lakini mwili hukua, na misuli iliyokaza huuvuta kadiri unavyokua: nyonga hutoka mahali pake, mgongo hupinda, kisigino hupanda juu. Watoto wengi, kama 8 kati ya 10, ni wa aina ya kukakamaa. Wengine viungo hujinyonga vyenyewe bila kutaka, na wachache hupepesuka. Kiti hakitibu lolote katika haya. Kazi yake ni kuushikilia mwili ili kichwa kitulie, kifua kipate kupanuka, macho yaone mbele na mikono iachwe huru. Mtoto asiyeweza kusema hudhaniwa hafahamu kitu, na mara nyingi si kweli. Akikalishwa sawa ndipo watu wa nyumbani wanapogundua kuwa anafuata mazungumzo.

Wataalamu huugawa uwezo wa mwendo katika ngazi 5, ya 1 ikiwa ya mtoto anayetembea mwenyewe na ya 5 ya yule asiyeweza kushika hata kichwa. Kiti hiki ni cha ngazi ya 4 na ya 5, pamoja na baadhi ya watoto wa ngazi ya 3 wakati wa kula au kuandika. Wa ngazi ya 1 na ya 2 wasifungwe humo. Wao wanatosheka na stuli imara inayowawezesha kukanyaga chini kwa nyayo zote mbili.

Umri hausaidii kitu katika kupima. Watoto wawili wa miaka 5 wanaweza kutofautiana sentimita 8 za paja. Mtoto apimwe akiwa amekaa juu ya ubao mgumu, mtu mmoja akimshika kiunoni kutoka nyuma, magoti yamekunjwa na miguu imekanyaga kitu. Akipimwa amelala, vipimo vyote huwa vya uongo. Upana wa kukalia ni upana wa makalio ukiongezwa sentimita 2 hivi, moja kila upande. Kina cha kukalia hupimwa kutoka nyuma kabisa ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha hutolewa sentimita 3. Kimo cha kibao cha miguu ni kutoka nyuma ya goti hadi kisigino, akiwa amevaa viatu anavyovaa siku zote. Kimo cha meza ni pale kiwiko kinapofika mkono ukining'inia, au sentimita 1 au 2 juu yake.

Pima paja la kulia na la kushoto, kila moja peke yake. Mtoto ambaye nyonga yake moja imetoka, paja la upande huo huonekana fupi. Kiti kikikatwa kwa kipimo cha paja refu, ukingo wa mbele utalisukuma goti la upande mfupi, nyonga izunguke na mgongo upinde kuifuata. Hapo kiti hukatwa kina tofauti kila upande. Fundi ataona ajabu. Mueleze sababu, atakubali.

Kosa linaloongoza ni hilo la kina. Mafundi wengi huacha kiti kirefu "ili akulie humo". Mtoto hawezi kufika nyuma, kwa hiyo makalio huteleza mbele, mgongo hujikunja kama upinde na kidevu huangukia kifuani. Baadae watu wa nyumbani hufunga mkanda wa kifua kumzuia asianguke. Huu ni mtego wa hatari: mwili ukizidi kuteleza, mkanda hupanda hadi shingoni, na kuna watoto wanaoweza kukabwa hivyo mtu akiwa jikoni tu. Kiti chenye mkanda wa kifua bila mkanda wa nyonga kirudishwe kwa fundi siku hiyo hiyo.

Mkanda wa nyonga ndio roho ya kiti. Uanzie pembeni, kwenye kona ambapo pa kukalia panakutana na egemeo, upite kwa mshazari wa nyuzi 45 hadi 60 juu ya mwanzo wa mapaja, chini ya ile mifupa miwili ya nyonga inayochomoza mbele. Ukipita tumboni umekosewa: unabana chakula na haumzuii mtoto kuteleza. Ukisha kufungwa, vidole viwili bapa vipite kati ya mkanda na mwili, visizidi. Mikanda ya mabegi inatosha kabisa, na fundi mabegi wa soko la Darajani, mjini Unguja, ataishona na kifungo cha kubofya kwa muda mfupi. Usikubali mkanda ufungwe kwa misumari ya kawaida; utumike skrubu yenye washa pana, kwa sababu mtoto anapokakamaa husukuma kwa nguvu kubwa kuliko umbo lake.

Kigingi cha katikati ya miguu nacho hueleweka vibaya. Kimewekwa kutenganisha magoti ili mapaja yasipishane, basi. Hakikuwekwa kumzuia mtoto asiteleze. Kikae karibu na magoti, na kati yake na kinena ngumi ya mtu mzima ipite. Tumeona vilivyosogezwa hadi kinenani. Huko humuumiza mtoto na humfanya akakamae zaidi. Kiwe cha kuchomoa, au sivyo kumnyanyua mtoto huwa vita kila mara. Kinachomzuia kuteleza, ukiacha mkanda, ni umbo la pa kukalia penyewe: nusu ya nyuma iwe chini ya nusu ya mbele kwa sentimita 2 hadi 3, makalio yapate kibonde cha kutulia. Ukingo wa kibonde ukae mbele kidogo ya mifupa miwili ya kukalia. Ukiwa chini ya mifupa yenyewe, utachubua.

Kuhusu sponji, rahisi huvunja upishi. Kipande cha godoro kuukuu huonekana kinono dukani kwa fundi, na kikishakaliwa mara chache mtoto anakaa juu ya ubao. Taka sponji ngumu ya makochi, unene wa sentimita 5, na uipime kwa kuibonyeza kwa ngumi na uzito wako: ngumi ikigusa mbao, haifai. Ifunikwe ngozi ya plastiki ili mkojo na uji visipenye, kisha juu yake kanga moja iliyokazwa isiyo na mikunjo, kwani wakati wa kaskazi plastiki tupu huunguza ngozi kwa jasho. Kanga ibadilishwe kila siku.

Mtoto asiyeshika kichwa huhitaji kuegemea nyuma kidogo, na hapa mafundi hulaza egemeo peke yake. Hilo hufungua pembe ya nyonga, mwili hunyooka kama ubao na mtoto hutelezea mbele. Kinachotakiwa ni kuinamisha kiti kizima, huku pembe kati ya pa kukalia na egemeo ikibaki nyuzi 90. Kama kati ya miguu ya mbele na ya nyuma kuna sentimita 40, vipande vya mbao vya sentimita 7 chini ya miguu ya mbele vinatoa mwinamo wa nyuzi 10. Sentimita 11 zinafika karibu na 15. Sehemu ya chini ya kiti, inayokanyaga sakafu, iongezwe upana nyuma ili kiti kisibiruke. Isipokuwa kama nyonga ya mtoto haikunjiki hadi nyuzi 90 kwa sababu imeshakauka: huyo asilazimishwe, egemeo lifuate pembe yake.

Ubavuni, vibao viwili vyenye sponji vinamshika mtoto anayelalia upande. Vifike chini ya kwapa, viache nafasi ya vidole viwili. Vikigusa kwapa hubana mishipa na mikono hufa ganzi.

Meza iwe na mkato wa nusu duara wa tumbo, na ukingo wa sentimita 2 ili bakuli lisiteleze. Kijiti cha kushikia, unene wa sentimita 2 na nusu, kikisimamishwa upande wa pili wa meza, humsaidia mtoto ambaye mikono yake hurukaruka: mkono mmoja unashika, mwingine unafanya kazi. Ni nyongeza ya bei ndogo, na kwetu sisi ndiyo inayopendeza kuliko zote. Vanishi ikauke kabisa hadi harufu iishe kabla meza haijatumika, kwa sababu watoto wengi huilamba na kuitafuna.

Upande wa mbao, kiti cha seremala wetu hustahili sifa. Plaiwudi ya baharini ya milimita 12 kwa pa kukalia na 18 kwa ubavu hustahimili unyevu wa visiwani. Plaiwudi ya kawaida huachana matabaka ikipata mkojo. Mwembe ni rahisi kupatikana, lakini hubunguliwa upesi usipotiwa dawa. Skrubu ziwe za shaba nyeupe au za chuma kisichoshika kutu, zitanguliwe na tundu la keke na gundi. Muombe fundi apige matundu kadhaa ya skrubu kwa kibao cha miguu, kila baada ya sentimita 2, ili kishushwe kadiri mguu unavyorefuka. Egemeo nalo liweze kusogezwa nyuma. Namna hiyo ndiyo ya "kukulia humo" iliyo halali, na vipimo virudiwe kila baada ya miezi 6.

Faida yake kubwa huonekana wakati wa kula. Mtoto anayelishwa amelazwa mkononi, kichwa kimerudi nyuma, njia ya hewa huwa wazi: uji huingia mapafuni, anapaliwa, na kifua kinamuandama kila mara. Akiwa kitini, kichwa katikati na kidevu kimeinama kidogo, humeza kwa usalama zaidi. Mlishaji akae mbele yake juu ya kigoda, macho yake yawe sawa na ya mtoto au chini kidogo, maana akisimama mtoto atanyanyua uso na kidevu kitapanda. Kijiko kiwe bapa, kishuke katikati ya ulimi. Uji mzito kidogo unamezeka vizuri kuliko mwepesi. Akimaliza abakie wima kama nusu saa. Mtoto anayekohoa au kubadilika rangi kila anapolishwa apelekwe hospitali. Hilo si la kiti tena.

Kasoro zake zisifichwe. Ni kizito, huweza kupita kilo 12, hakipandi daladala. Si cha magurudumu, na kukifunga vigurudumu vidogo hakukifanyi hivyo: vitazama mchangani Nungwi na kwenye tope la milima ya Pemba. Nyonga pia hakiilindi peke yake. Kama mtoto 1 kati ya 3 wenye mtindio wa ubongo hupata tatizo la nyonga kusogea, na katika ngazi ya 5 ni karibu wote. Ukiona paja halifunguki kama zamani au analia wakati wa kubadilishwa nepi, taka eksirei, na kwa watoto wa ngazi ya 4 na 5 ni busara kuipiga kila mwaka hata bila maumivu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndiye anayefaa kusimamia vipimo. Kwa Unguja muulizie Hospitali ya Mnazi Mmoja, na ikiwezekana aende pamoja na fundi.

Malipo yagawanywe: mbao, sponji, mikanda na ufundi, kila kimoja na bei yake. Sehemu ya mwisho isilipwe kabla mtoto hajakaa nusu saa nzima mbele ya fundi. Halafu mvue nguo uangalie ngozi ya makalio, ya mgongo na ya nyuma ya magoti. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo papasa: pakiwa pamoto, pagumu au peusi zaidi ya pembeni na pakabaki hivyo baada ya nusu saa nyengine, sponji au kipimo kina makosa.

Nyumbani aanze kwa dakika 10 hadi 15, aongezewe polepole, na asipitishe saa moja bila kubadilishwa mkao. Mkeka, kulala ubavu na kusimamishwa kwa msaada vina nafasi yao katika siku. Kiti kikishakuwa kidogo kwake na kinataka kupewa mtoto mwengine, sponji na mikanda vitolewe vyote, kisha huyo mpya apimwe tangu mwanzo, paja la kulia na la kushoto, kabla skrubu hata moja haijafungwa.