Takwa kwa Mashua: Siku Moja na Familia Katika Magofu ya Manda

Mwezi uliopita tulikodi mashua kutoka gati la Lamu Mjini hadi magofu ya Takwa katika kisiwa cha Manda. Tulikuwa sita: mimi na mume wangu, watoto watatu, na mavyaa wangu, mzaliwa wa Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiitamani safari hii.

Mwenye watoto au mzee aanze na habari ya maji. Mashua huingia Takwa kwa kupita mkono mwembamba wa bahari uliosongwa na mikoko, na maji yakipwa njia hiyo haipitiki. Kwa hiyo, kabla ya kupatana bei, muulize nahodha maji yanajaa saa ngapi. Sisi tuliahidiwa kuondoka saa mbili asubuhi, tukaondoka saa tatu na nusu kwa sababu ya kungoja abiria wengine ambao hatukuwa tumeambiwa habari zao, na muda huo wote ukapunguzwa katika saa zetu za kukaa magofuni. Kosa kubwa zaidi, ambalo siwezi kulifumbia macho, ni kwamba jaketi za kujiokolea zilikuwa za watu wazima tu. Kitinda mimba wetu alivalishwa moja iliyomfika magotini, na akitumbukia majini ingemvuka mara moja. Chakula kilikuwa kizuri: samaki wa kuchoma na wali wa nazi.

Takwa yenyewe inastahili taabu yote hiyo. Mji huu, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ulistawi katika karne ya 16 na ya 17, kisha ukahamwa, na watu wake wanasimuliwa kuwa walivuka wakahamia Shela. Msikiti wa Ijumaa bado umesimama kiasi cha mtu kuutambua mara moja, na juu ya ukuta wa kibla imeinuka nguzo ambayo sijaiona katika msikiti mwingine wowote niliowahi kuingia. Wapo wanaosema kwamba chini yake amezikwa shehe. Nje ya ukuta wa mji kuna kaburi la nguzo la karne ya 17, na hapo ndipo watu wa Shela wamezoea kuja mara mbili kwa mwaka kuomba mvua.

Mavyaa alipofika kaburini alijitanda mtandio wake vizuri, akainua mikono, akanyamaza kwa muda mrefu. Watoto, ambao mpaka wakati huo walikuwa wakikimbizana penye mibuyu, walikuja mmoja mmoja wakasimama nyuma yake bila ya kuitwa. Mkubwa akauliza, "Bibi, walihama kwa nini?" Akajibiwa kuwa visima viliingia chumvi, na kwamba alivyosikia kwa wazee wake ndivyo hivyo. Nimewasomesha historia ya pwani mara nyingi nyumbani, lakini sijapata kuwaona wakisikiliza namna ile. Mara nahodha akatuita, maji yameanza kupwa, na mavyaa hakuwahi kuingia tena msikitini kama alivyotaka.

Mavyaa ameomba arudi siku ya dua ya mvua. Tutampeleka, kwa mashua nyingine, na jaketi za watoto tutakwenda nazo wenyewe.