Hifadhi ya Arusha ukiwa na nusu siku kabla ya ndege: nenda, ila sio kwa ajili ya simba

Jamani naandika hii kwa wanaopita Moshi au Arusha wakiwa na masaa machache tu kabla ya ndege ya KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro), maana swali la "twende wapi tukaone wanyama fasta" nimeulizwa na ndugu mpaka nimezoea, na juzi ikabidi nilijibu kwa vitendo. Mama mdogo alikuja harusini Moshi na wanae wawili kutoka Mwanza, ndege yao Jumapili saa 2 usiku, akaniambia mwanangu yaani hawa watoto warudi hata pundamilia hawajamuona? Pale nyumbani kila mtu akawa anasema Ngorongoro, Ngorongoro. Nikakataa kabisa. Ngorongoro ni mbele ya Karatu huko, ukitokea Moshi siku yote inaishia barabarani halafu jioni unakimbizana na ndege, watoto wamechoka na hela imeondoka.

Hifadhi ya Arusha ndio iko njiani kabisa. Ukitoka Moshi unaipita njia ya KIA, Kikatiti, Maji ya Chai, kabla hujafika Usa River unakata kulia unapandisha mpaka geti la Ngongongare. Kurudi uwanjani ni karibu, roho inakuwa imetulia. Getini hawapokei keshi, unalipa kwa kadi au namba ya malipo, na kitambulisho cha taifa usisahau maana ndicho kinachokupa bei ya raia, ambayo ni ndogo sana ukilinganisha na dola za wageni.

Sasa ukweli: simba hakuna. Chui na fisi wapo ila mchana kuwaona ni bahati, tembo wapo lakini wanapenda kukaa msituni. Kama mtoto wako amelilia simba tu basi weka akiba uje umpeleke Tarangire siku nyingine, usimdanganye njiani.

Ila twiga jamani! Umeingia tu, pale uwanda wanaouita Serengeti Ndogo, twiga kama tisa hivi wako karibu na barabara wanakula miiba taratibu, pundamilia na nyati pembeni, na yule mdogo wa miaka sita ambaye njia nzima alikuwa anaongea akanyamaza kimya akashika mkono wa mama yake. Kwangu mimi kiingilio kilirudi palepale.

Kisha tukapanda kreta ya Ngurdoto, lile shimo kubwa la volkano ya zamani (hifadhi yenyewe ilianza 1960 kwa jina hilohilo la Ngurdoto). Kushuka ndani hairuhusiwi, unaangalia kutoka juu, na mimi napenda hivyo kwa sababu kule chini nyati wanaishi bila gari kuwasumbua, ukiwa juu unawaona kama punje nyeusi kwenye majani. Njia ya kupanda inapita msituni na huko ndio kuna mbega, wale weusi wenye mabega meupe na mkia kama ufagio mweupe. Mbega jike mmoja alikuwa amembeba mtoto mweupe mwili mzima, maana wanazaliwa hivyo weusi unakuja baadaye. Mama mdogo alisimama pale akakataa kuondoka. Kiangazi gari dogo linapita, masika chukua gari ya juu, kule panateleza.

Maziwa ya Momella nayo yapo ndani humohumo, maji ya magadi, kila ziwa na rangi yake, na tulikuta flamingo wengi upande wa mbali. Uzuri wake unaonekana asubuhi, Kilimanjaro iko huku na Meru iko nyuma yako, na hapo ndipo naumia. Dereva tuliyemkodi tulikubaliana saa 12 asubuhi akaja saa 2 na nusu, hata samahani hakusema, tumefika maziwani saa 7 mawingu yameshafunika milima yote miwili na wanyama wamejikalia kivulini. Pia nilitaka tutembee kwa miguu na askari mwenye bunduki mpaka maporomoko ya Tululusia, kitu ambacho hifadhi nyingi huwezi kukifanya, muda ukawa umeisha. Kwahiyo dereva mlipe nusu, nyingine mwisho wa safari, na mpigie simu usiku wa kuamkia safari na alfajiri tena.

Beba chakula na maji, sehemu za kupumzikia zipo ila usitegemee kukuta mama ntilie. Sisi tulitoka getini saa 10 jioni na KIA tukafika na muda wa kutosha hadi watoto wakanawa miguu na kubadili nguo.