Bakuli la mtoto lenye mistari ya kipimo, nimelitumia miezi nane haya ndo niliyoyaona

Wazazi wenzangu nimeona wengi wanauliza hili bakuli kama lina kazi kweli au ni urembo tu, basi ngoja niwaambie. Nilioda mwanangu alipokuwa anatimiza miezi sita, saizi ana mwaka na miezi miwili na halijapumzika hata siku moja.

Ni la plastiki ngumu inayoonyesha ndani, ujazo mililita 250, lina mistari kulingana na umri, nusu bakuli mpaka robo tatu mpaka kujaa, na pembeni wamechora mtoto ale mara ngapi kwa siku. Kuna na kijiko chenye matundu.

Hicho kijiko ndo kilichonifanya nilipende. Mi nilikuwa naongeza maji kwenye uji nikihofia mtoto atapaliwa, mama mkwe naye anasema uji wa mtoto lazima uwe mwepesi, kumbe tunamjaza maji tu. Tumbo la mtoto linabeba kama gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake, yani wa kilo nane ni gramu 240 hivi kwa mkupuo mmoja, ukishaweka maji humo chakula kinakaa wapi? Sasa na hiki kijiko ukichota uji ukachuruzika wote kwenye matundu ujue ni mwepesi mno, ukibaki juu ya kijiko uko sawa. Mama mkwe alijaribu mwenyewe, akaangalia, akanyamaza, kesho yake nikamkuta anasonga uji mzito bila kuambiwa na mtu. Kumbe maneno yangu yote ya wiki mbili hayakuwa na nguvu ya vile vitundu.

Lakini kijikaratasi cha maelezo kinachokuja na bakuli kina kasoro kubwa na hili naomba mlishike. Kimeandika miezi 6 hadi 8 nusu bakuli, basi. Hakijasema kuwa anayeanza kabisa anaanza na vijiko viwili au vitatu vya mezani halafu anapanda taratibu. Mi wiki ya kwanza nilikuwa namlazimisha afike kwenye mstari, mtoto analia, mi nalia, mpaka nesi wa kliniki akaniambia mama acha, mwangalie mtoto usiangalie bakuli, akigeuza uso mpumzishe, ongea naye, jaribu tena baadae, na maziwa ya mama bado ni chakula chake kikuu. Hilo lilitakiwa liandikwe kwa herufi kubwa kabisa!!

Kingine ni kwamba bakuli linapima wingi, halijui ndani umeweka nini. Nilijisifu karibu mwezi mzima kwamba tunafika kwenye mstari na kumbe ni uji mtupu asubuhi mchana jioni. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto inakuwa imeshapungua akifika miezi sita, anahitaji nyama, ini, samaki, mayai, kunde, mboga za majani, matunda. Wataalamu wanahesabu makundi nane ya vyakula, maziwa ya mama likiwa mojawapo, na mtoto kwa siku apate angalau matano. Hapo ikabidi nikae na baba yake tuongee maana hela ya sokoni anaitoa yeye na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba yai la mtoto sio anasa, kliniki huwa tunaenda sisi kina mama tu tunarudi na maelezo yanaishia kwetu. Alielewa vizuri sana, kilichokosekana ni kuambiwa.

Halafu muda jamani. Kuanzia miezi 9 ni milo mitatu au minne na kitafunwa kimoja au viwili juu yake, na mi nimesharudi kazini, kwahiyo anayemlisha mchana sio mimi. Hapa bakuli limenisaidia sana kwasababu tukiongea kwenye simu simuulizi tena kama amekula, namuuliza amefika mstari gani. Mtoto alipougua kuhara niliona kabisa anavyoshuka, na alipopona tukamwongezea mlo mmoja kwa siku kama wiki mbili hivi mpaka akarudi.

Usafi sasa, matundu ya kijiko yanashika mabaki, uyasugue na brashi kwa maji safi na sabuni kila mara, ukizembea kidogo tu ndo unatengeneza hiyo hiyo kuhara.

Nampa muuzaji nyota nne. Moja nimeitoa kwasababu ya kile kijikaratasi na mstari wa chini ambao umeshaanza kufutika. Kama una bakuli la kuona ndani nyumbani usinunue, pima maji nusu ya kikombe cha mililita 250, mimina, chora alama kwa nje, rudia robo tatu, hela ibaki ya mayai.