ULII: mahali pa kusoma historia ya uchaguzi ya Kyadondo Mashariki

Mtu anayeuliza jinsi jimbo la Kyadondo Mashariki, hapa pembezoni mwa Kampala, lilivyowapata na kuwapoteza wabunge wake, mara nyingi hutajiwa majina ya washindi na maelezo yakaishia hapo. Huduma ya intaneti ya ULII, ambamo hukumu na sheria za Uganda zimehifadhiwa, humpa mengi zaidi, tena bila malipo na bila kumtaka ajisajili. Nimeipima kwa jimbo hili moja tu, lenye Kasangati, Gayaza na vitongoji vyake katika Wilaya ya Wakiso, na ninaipendekeza kwa moyo wote kwa mwananchi, mwanafunzi au mwandishi wa habari anayetaka kujua kilichofuata baada ya masanduku ya kura kufungwa.

Uzito wake unatokana na sheria yenyewe. Mgombea aliyeshindwa uchaguzi wa ubunge anaweza kufungua shauri Mahakama Kuu ndani ya siku 30 tangu matokeo yachapishwe katika Gazeti la Serikali, na mpiga kura wa kawaida pia anaweza, mradi aungwe mkono kwa saini za wapiga kura wasiopungua 500 wa jimbo hilo. Shauri likishafunguliwa, madai ya jukwaani hayatoshi tena. Mlalamikaji hutakiwa kuleta viapo, fomu za matokeo za vituo na mashahidi watakaohojiwa na wakili wa upande wa pili, na mwishowe jaji huandika, kwa kurasa nyingi, kipi alikikubali, kipi alikikataa na kwa sababu gani. Sijui maandishi mengine kuhusu uchaguzi yaliyochujwa kwa ukali wa namna hiyo.

Hukumu ya kuanza nayo ni Rufaa ya Uchaguzi namba 26 ya 2007 ya Mahakama ya Juu, kati ya Sitenda Sebalu kwa upande mmoja na Sam Njuba pamoja na Tume ya Uchaguzi kwa upande mwingine. Njuba, wakili mkongwe wa chama cha FDC aliyefariki mwaka 2013, ndiye aliyetangazwa mshindi wa Kyadondo Mashariki mwaka 2006, na Sebalu akaenda mahakamani kumpinga. Shauri hilo lilikwama katika mahakama za chini kabla ya kura hata moja kujadiliwa, kwa kuwa taarifa ya kufunguliwa kwake haikuwafikia wadaiwa katika muda wa siku saba uliowekwa na sheria. Mahakama ya Juu iliona kwamba kuchelewa huko peke yake hakupaswi kuliua shauri, na kwamba mahakama inaweza kuongeza muda ili malalamiko ya wapiga kura yasikilizwe. Tangu hapo, mawakili wa majimbo mengine hutegemea uamuzi huo kila linapozuka suala la muda. Ukiusoma unatambua kwamba jimbo hili la pembezoni mwa mji mkuu limechangia kuunda sheria ya uchaguzi ya nchi nzima, jambo ambalo wakazi wake wengi hawajawahi kuelezwa.

Jina la Sebalu, mgombea wa chama tawala cha NRM, linarudi katika shauri la uchaguzi wa 2016, dhidi ya Apollo Kantinti wa FDC. Mahakama Kuu iliubatilisha ushindi wa Kantinti, naye akashindwa katika Mahakama ya Rufaa, ambayo siku hizi ndiyo kikomo cha mashauri ya ubunge. Kwa hiyo kiti kilibaki wazi, na uchaguzi mdogo ukafanyika tarehe 29 Juni 2017. Matokeo yake yanajulikana mbali nje ya Uganda: Robert Kyagulanyi Ssentamu, mwanamuziki anayefahamika kama Bobi Wine, aliyesimama kama mgombea binafsi, alipata kura 25,659, Sebalu 4,566 na Kantinti 1,832. Miaka isiyofika minne baadaye mbunge huyo alikuwa mgombea urais, na mwaka 2021 kiti chake jimboni kilichukuliwa na Muwada Nkunyingi wa chama cha NUP. Simulizi nyingi za safari hiyo huanzia siku ya kura, ilhali mlango ulifunguliwa na majaji, na hilo ndilo msomaji wa hukumu analolielewa kuliko wengine.

Hata hivyo, huduma hii ina mipaka ambayo mtumiaji anapaswa kuijua. Hukumu huzaliwa pale tu penye ugomvi, kwa hiyo uchaguzi uliopita kwa amani, au ulioisha kwa pengo kubwa kama lile la 2017, unaweza usiache hata aya moja. Mwenye kutegemea hukumu peke yake ataona jimbo lenye mashaka na fujo kuliko lilivyo.

Kuna pia suala la mipaka ya jimbo, ambalo ninalihesabu kuwa zito kuliko yote. Ibrahim Ssemujju Nganda alichaguliwa mbunge wa Kyadondo Mashariki mwaka 2011, wakati Kira ilipokuwa ndani ya jimbo hilo. Ulipofika uchaguzi wa 2016, Manispaa ya Kira ilikuwa jimbo linalojitegemea, na Ssemujju akagombea huko na kushinda. Kwa hiyo kura za 2011 na za 2017 zilipigwa chini ya jina moja katika maeneo mawili tofauti, na kuzilinganisha moja kwa moja ni kosa. Hukumu hazina ramani wala hazimtahadharishi msomaji. Inambidi atafute tangazo la mipaka katika Gazeti la Serikali, kisha asome kumbukumbu za mijadala ya Bunge ili ajue mbunge aliyechaguliwa alifanya kazi gani.

Lugha ni kikwazo kingine. Hukumu huandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, ingawa Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu Katiba iliporekebishwa mwaka 2005. Muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, na mwingine kwa Kiluganda, juu ya kila hukumu ya uchaguzi ungewafikia watu ambao kura zao ndizo zilizobishaniwa.

Anayeanza namshauri atafute kwa majina ya wagombea badala ya jina la jimbo, asome kwanza orodha ya hoja zinazobishaniwa, aruke hadi maagizo ya mwisho, kisha ndipo arudi kwenye ushahidi. Hukumu nyingi unaweza kuzipakua na kuzihifadhi kwenye simu, jambo linalowafaa sana wenye bando dogo.