Fundi wa Chuno aliyesubiri gari langu lipate moto

Hii naiandikia wenzangu wa Mtwara ambao gari asubuhi linawaka kwa kugusa ufunguo tu, likishapata moto ukalizima, linagoma. Mimi nimeteseka nalo miezi minne.

Nina Spacio, injini ya 1NZ. Napeleka samaki Masasi mara mbili kwa wiki, na njiani nashusha Mnazi Mmoja, Mtama, Nyangao na Ndanda. Nikizima dakika ishirini tu kumpimia mteja, basi. Stata inazunguka vizuri, betri ina nguvu, injini haishiki. Likija kuwaka linamisi, linatoa moshi mweusi na harufu kali ya petroli, halafu linatulia. Siku moja Nyangao nilikwama mpaka barafu ikawa maji, kolekole wote nikawauza kwa bei ya kutupa. Tangu hapo nikawa nashusha mzigo gari likiunguruma.

Fundi wa mwanzo, simtaji, alinibadilishia betri, akaja stata, akaja plagi. Kila mara alilijaribu asubuhi, likawaka, akachukua hela yake.

Huyu wa Chuno, hapa Mtwara mjini, gereji yake ni mabati machache na mwembe. Swali lake la kwanza: "Mama, asubuhi linawaka?" Nikamwambia linawaka. "Basi likiwa baridi halitatuonyesha kitu. Twende tukalipashe." Tukaenda Mikindani tukarudi. Akafunga geji ya presha kwenye bomba la mafuta, akawasha: baa 3.2, safi kabisa. Akazima, akaniambia nitazame mshale. Kwa injini hii, dakika 5 baada ya kuzima presha haitakiwi kushuka chini ya baa 1.5 hivi. Ya kwangu ilikuwa imeshapita chini ya 1 kabla hata dakika hizo hazijaisha.

Zilipotimia dakika ishirini akasema: "Kanyaga mafuta mpaka chini, usipampu, piga stata." Likakohoa, likawaka. Akatikisa kichwa. "Mafuta ni mengi humo ndani. Lingekuwa na njaa lisingewaka hivi." Akafungua plagi. Tatu zilikuwa kavu, rangi ya kahawia. Ya silinda ya tatu ilikuwa nyeusi, imelowa.

Sehemu iliyofuata sijawahi kuonyeshwa na fundi yeyote. Alilisubiri lipoe, akafukuza wavuta sigara wote, akang'oa nozeli nne, zile zinazopulizia petroli kwenye injini, pamoja na bomba lake, akazilaza juu ya katoni safi, akaipa pampu umeme. Ncha tatu kavu. Kwenye ile ya silinda ya tatu tone lilijikusanya, likanenepa, likaning'inia, likadondoka. Nikahesabu mpaka tisa, likadondoka jingine, na doa kwenye katoni likawa linatanuka. Pale nilitaka kulia, nikikumbuka ile stata niliyonunua.

Akanieleza. Nozeli inavuja baada ya kuzima, petroli inajaa silinda. Asubuhi ile petroli imeshakauka, na injini baridi yenyewe inataka mafuta mengi, ndiyo maana halisumbui. Likiwa la moto linataka kidogo tu, kwa hiyo petroli inalizidi, haliwaki. Isitoshe, presha ikishuka, mafuta yaliyobaki kwenye bomba yanachemka kwa joto la injini. Akachomoa kijiti cha oili akaninusisha: petroli tupu. Akasema oili imwagwe, imekuwa nyepesi, itakula injini.

Nozeli ya mtumba ilinigharimu 40,000, ufundi 35,000, oili na oringi (mipira ya kuziba nozeli) mbali. Nozeli mbovu alinirudishia kwenye mfuko. Kasoro zipo: nozeli ilitoka Dar kwa basi, nikakaa siku mbili bila gari na wateja wakinipigia simu. Risiti hana, nilimwomba aniandikie kwenye karatasi. Pa kukaa ni ndoo iliyogeuzwa, kwa mtu mzima mgongo unauma. Malori ya korosho yakianza, foleni yake ni ndefu. Pamoja na hayo, gari langu halitaguswa na mwingine.

Jumamosi nilizima Ndanda, nikala wali, nikakaa dakika arobaini na kitu. Likawaka mara moja.

Ukienda kwake, usimpelekee gari lililolala usiku kucha. Liendeshe kwanza mpaka lipate moto, na umwambie umelizima muda gani ndipo likagoma, maana hilo ndilo atakalokuuliza.