Subtitle Edit: programu ya bure ya manukuu, na kazi inayobaki mikononi mwako

Kwa miezi minane nimekuwa nikiandika manukuu ya video za mafunzo, yaani maandishi ya yanayosemwa yanayotokea chini ya picha, kwa kutumia Subtitle Edit, programu huria iliyoanzishwa na Nikolaj Olsson wa Denmark, ambayo hupakuliwa bila malipo yoyote. Tathmini hii imetokana hasa na video moja ya dakika 11, inayomwonyesha mama mmoja wa pwani ya mashariki ya Unguja akitengeneza sabuni ya mwani. Mteja alitaka video hiyo ifuatwe na kiziwi, na vilevile na asiyeona, bila mtu wa kukaa pembeni na kuwaeleza.

Ukifungua programu kwa mara ya kwanza utaona skrini imejaa kupita kiasi: juu orodha ya mistari na nyakati zake, chini yake kisanduku cha kuandikia, pembeni video, na chini kabisa mchoro wa mawimbi ya sauti. Mchoro huo ndio ulionifanya nisiiache. Badala ya kubahatisha sentensi inaanzia wapi, unaona kilima cha sauti kinapoinuka, unaburuta mpaka wa nukuu hadi hapo, na kazi ya kupanga nyakati inakwenda haraka ajabu.

Programu inaweza pia kuunganishwa na injini za kutambua usemi, zikakuandikia rasimu. Niliijaribu mojawapo, na siwezi kusema haikunisaidia, kwa sababu sehemu kubwa ya Kiswahili cha taratibu cha msimulizi iliinasa vizuri. Lakini pale mama aliposema "Anika mwani kivulini", rasimu iliandika "Anika mwana kivulini". Kiziwi anayejifunza kazi hana sauti ya kumsahihishia kosa kama hilo, kwa hiyo rasimu ya mashine haifai kutolewa kabla mtu anayeijua lugha, na ikiwezekana anayeijua kazi yenyewe, hajaipitia neno kwa neno.

Kinachotaka uangalifu zaidi ni kukata mistari. Mimi nimeweka kikomo cha herufi 42 kwa mstari na mistari miwili kwa nukuu, na programu hupaka rangi mahali nilipozidisha. Chukua sentensi hii: "Maji ya kostiki yakishapoa, yamimine kwenye mafuta polepole." Ukiikata kwa kujaza mstari wa kwanza, neno "yamimine" linabaki likining'inia juu na "kwenye mafuta" linaanguka chini; lakini ukiikata kwenye mkato, kila mstari unabeba wazo lake, na jicho halirudi nyuma. Sentensi hiyo ina herufi 60, na mama aliitamka kwa sekunde tatu, yaani herufi 20 kwa sekunde, mwendo ambao ni mkali kwa msomaji ambaye pia anatakiwa kutazama mikono. Niliirefusha nukuu ibaki kwa sekunde nne, kwa kuwa baada yake palikuwa na kimya. Programu inakuonyesha hesabu hiyo kila unapoandika, lakini uamuzi wa kurefusha au kufupisha ni wako.

Kadhalika, haiwezi kukumbuka kwa niaba yako kwamba manukuu ya viziwi si maneno tu. Katikati ya video mtu asiyeonekana anabisha hodi, na mama anageuka akijibu "Karibu". Bila ya nukuu ya [Hodi nje ya mlango], kiziwi anamwona mama akiikaribisha hewa.

Kuhusu kuhifadhi faili sina la kulalamikia. Programu inatoa mafaili ya SRT na ya WebVTT, miundo miwili ya faili za manukuu, na tofauti yake ni muhimu kwa anayeweka video kwenye tovuti yake mwenyewe, kwani vivinjari husoma WebVTT, ambayo huanza kwa neno WEBVTT na kutenganisha milisekunde kwa nukta, ilhali SRT hutumia mkato.

Maelezo ya sauti kwa wasioona, yaani sauti inayoeleza yanayoonekana kwenye picha, ni habari nyingine, na hapa programu inafika ukingoni mwa ilichoundiwa. WCAG, miongozo ya kimataifa ya kuwezesha watu wenye ulemavu kutumia tovuti, inayaweka manukuu ya video zilizorekodiwa katika kiwango cha A, ambacho ni cha msingi, na maelezo ya sauti katika kiwango cha AA, kilicho juu yake. Niliutumia mchoro uleule wa mawimbi kutafuta mabonde ya kimya, nikaandika maelezo yatakayoingia humo, kisha nikamrekodi msomaji. Mahali pengi palitosha. Palipogoma ni dakika ya saba, mama anapoinua mwiko na kusema, "Umeona? Ikiwa hivi, iko tayari." Hapo ndipo pana siri yote ya sabuni: mchanganyiko unaodondoka kutoka mwikoni huacha mfereji juu ya ule uliomo sufuriani, na mfereji huo haufutiki. Maelezo yake yalihitaji sekunde sita. Kimya kilikuwa sekunde mbili.

Njia moja ni kuisimamisha video wakati maelezo yanasomwa. Kicheza video huria cha Able Player kinaweza kufanya hivyo kwa kusoma maelezo ya maandishi kutoka faili la WebVTT, ingawa ubora wa usomaji unategemea sauti zilizomo kwenye kifaa cha msikilizaji. Mimi nilichagua njia ya mwiko wenyewe: nilirudi kwa mama, nikamwomba alirudie tendo lile na kulitaja. Alisema, "Ukiona inaacha mfereji na haufutiki, iko tayari," akatumia sekunde nne, na maelezo ya msomaji hayakuhitajika tena. Siku hizi, kabla ya kuwasha kamera, humwomba kila mzungumzaji asiseme "hivi" wala "hapa" bila kutaja anachokionyesha. Saa nne nilizotumia kwa manukuu ya video ile sizijutii. Siku nzima iliyopotea katika maelezo ya sauti ningeweza kuiokoa kwa ombi hilo moja.